Kutu ya majani: Adui wa kahawa ya Mbinga anayekula mavuno ya mwakani

WAKULIMA wa kahawa katika kata ya Mapera na maeneo mengine ya milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, hutazama zaidi bei kuliko majani. Hilo halishangazi, kwani bei ndiyo inayolipa ada za shule, bati za nyumba na mbolea ya mahindi. Lakini wataalamu wa zao hilo wanasema kwamba sehemu kubwa ya hasara ya mkulima haitokei mnadani. Hutokea shambani, miezi mingi kabla, chini ya jani, mahali ambapo wengi hawana desturi ya kupachungulia.

Hasara hiyo huletwa na kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia kahawa aina ya arabika, ambayo ndiyo kahawa ya Mbinga. Kutu haiui mti kwa siku moja wala haiozeshi tunda kama ifanyavyo chulebuni. Kazi yake ni kupukutisha majani, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Mkulima huona matunda ya mwaka huu yapo, akavuna, akauza, akadhani amesalimika. Mwaka unaofuata matawi hayana kitu.

Hesabu ya miaka miwili

Mti wa kahawa huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyoota msimu uliotangulia. Tawi linaloota mwaka huu ndilo litakalotoa maua na matunda mwakani. Chakula cha kuliotesha tawi hilo hutengenezwa na majani. Majani yakipukutika mapema, mti hulazimika kuchagua kati ya kulisha matunda yaliyopo na kuotesha matawi mapya. Kwa kawaida matunda hushinda, matawi hubaki mafupi, na mengine hukauka kuanzia nchani.

Kwa maana hiyo, kutu humtoza mkulima mara mbili. Mwaka wa ugonjwa hupata punje nyepesi na ndogo, ambazo hukosa madaraja ya juu kama AA na A. Mwaka wa pili hupata mavuno pungufu. Mti uliopukutika sana huweza kuchukua zaidi ya msimu mmoja kurudi katika hali yake.

Hapo ndipo suala la soko linapoingia. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Kimataifa la Kahawa (ICO), wastani wa bei ya kahawa duniani ulikuwa takriban senti 134 za dola ya Marekani kwa ratili mwaka 1994, baada ya baridi kali kuunguza mashamba ya Brazil. Mwaka 2001 wastani huo ulianguka hadi senti 46 hivi. Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo.

Mkulima anayeacha kutunza shamba bei inaposhuka huokoa fedha za dawa mwaka huo. Bei inapopanda ghafla, hana majani, hana matawi na hana kahawa ya kupeleka. Bei nzuri humkuta mikono mitupu, naye huanza kuhangaika na dawa wakati jirani yake aliyevumilia anapima magunia.

Ugonjwa wenye historia ndefu

Kutu ya kahawa si mgeni Afrika Mashariki. Iliripotiwa kwenye kahawa ya porini karibu na Ziwa Victoria mwaka 1861. Mwaka 1869 wanasayansi wa Uingereza waliipa jina la Hemileia vastatrix baada ya kupokea majani kutoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Wakati huo Ceylon ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa duniani. Katika muda wa miaka 20 hivi mashamba yake yaliporomoka, na wenye mashamba wakageukia chai. Chai ya Ceylon inayojulikana duniani ilipandwa juu ya makaburi ya kahawa.

Ugonjwa huo uligunduliwa Brazil mwaka 1970. Kati ya mwaka 2012 na 2013 ulilipuka Amerika ya Kati, na serikali za Guatemala, Honduras na Costa Rica zikatangaza hali ya dharura. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulitaja hali ya hewa kuwa sababu mojawapo, lakini ulitaja pia uchumi: faida ya kahawa ilipopungua, wakulima walipunguza mbolea na dawa, na ugonjwa ukakuta milango iko wazi.

Mbinga inalijua somo hilo. Katika mfumo wa zamani, chama kikuu cha ushirika kiliwapa wakulima pembejeo kwa mkopo na kukata deni wakati wa malipo ya kahawa. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, mkulima alipata fedha taslimu haraka, lakini mkopo wa dawa ulipotea. Hakuna mnunuzi aliyekuwa tayari kumkopesha dawa mkulima ambaye angeweza kuuza kahawa yake kwa mwingine. Mwaka 2018 serikali iliamua kahawa ya wakulima wadogo ikusanywe na kuuzwa kupitia vyama vya ushirika vya msingi, maarufu kama AMCOS. Chama cha namna hiyo kikiwa na uongozi mzuri kinaweza kununua dawa kwa pamoja na kukata gharama kwenye malipo. Kikiwa na uongozi mbovu, mkulima hurudi pale pale.

Namna ya kuutambua

Dalili ya kwanza ni madoa madogo ya manjano hafifu juu ya jani. Jani likigeuzwa, upande wa chini huonekana unga wa rangi ya machungwa. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kupitisha kidole chini ya jani. Kidole kikitoka na unga wa rangi hiyo, ni kutu. Madoa makongwe hugeuka kahawia katikati na jani huanguka.

Ni muhimu kutochanganya kutu na matatizo mengine. Jani linalogeuka manjano lote bila unga, hasa majani makongwe, mara nyingi huonyesha upungufu wa mbolea ya naitrojeni. Doa la mviringo la kahawia lenye kitovu cha kijivu, mfano wa jicho, ni ugonjwa mwingine wa kuvu ambao hupenda miche na miti yenye njaa. Chulebuni, kwa upande wake, hushambulia tunda bichi na kulitia madoa meusi yaliyobonyea. Mkulima anayenunua dawa kabla ya kujua ugonjwa hununua hasara.

Wakati mwingine ukungu mweupe huonekana umeota juu ya unga wa machungwa. Huo si ugonjwa mpya. Ni kuvu wengine wanaokula kutu. Ni rafiki wa mkulima, ingawa peke yao hawawezi kumaliza kazi.

Kwa nini Mapera ijihadhari

Vijimbegu vya kutu huhitaji mambo mawili: maji juu ya jani na joto la wastani. Bila tone la maji haviwezi kuota. Vikipata maji kwa saa kadhaa, hasa usiku, katika joto la kati ya nyuzi 15 na 28 za Selsiasi, huota na kupenya kwenye vitundu vya hewa vilivyo chini ya jani. Baada ya wiki 3 hadi 6 au zaidi, kutegemea joto, jani hilo hutoa unga wake na kuambukiza mengine. Upepo, matone ya mvua, nguo na mikono ya wavunaji husafirisha unga huo.

Maeneo ya chini yenye joto huumia zaidi na kutu, wakati maeneo ya juu yenye baridi na ukungu huumia zaidi na chulebuni. Ardhi ya wilaya hii na jirani yake Nyasa hubadilika haraka: maji ya Ziwa Nyasa yako takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, wakati milima ya Umatengo hufikia mita 2,000. Kwa hiyo ushauri unaofaa kijiji cha bondeni haufai kunakiliwa kijiji cha mlimani. Aidha, kadiri usiku unavyopungua baridi, ndivyo muda wa kutu kukomaa unavyofupika, hata katika miinuko iliyokuwa na nafuu zamani.

Mvua za Mbinga huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ugonjwa huanza kidogo kidogo mvua zinapoanza, hukua bila kelele Januari na Februari, kisha huonekana wazi mwishoni mwa mvua na kuingia kiangazi. Mkulima anayeshtuka Mei akiona shamba la rangi ya machungwa amechelewa. Dawa ya Mei hairudishi majani ya Februari.

Kinga kabla ya bomba

Hatua ya kwanza haihitaji dukani. Ni mkasi na msumeno. Mti uliosongamana hubaki na umande hadi saa nne asubuhi, wakati mti uliopogolewa hukauka mapema. Baada ya mavuno, mkulima anashauriwa kuondoa matawi makavu, yaliyozeeka na yanayokingamana, na katika msimu kung'oa machipukizi yasiyotakiwa. Kupogoa pia hupunguza kiasi cha dawa kinachohitajika, na huiwezesha kufika ndani ya mti.

Hatua ya pili ni chakula. Mti wenye njaa hupukutika haraka na hupona polepole. Samadi, mboji na mbolea ya viwandani kwa kadiri ya uwezo, pamoja na matandazo ya nyasi, huupa mti nguvu ya kuotesha majani mapya kuziba pengo. Wamatengo hawahitaji kufundishwa thamani ya nyasi chini ya udongo. Kilimo chao cha ngoro, cha kuchimba mashimo ya mraba juu ya nyasi zilizolazwa mlimani, kimehifadhi rutuba kwa vizazi. Kinachotakiwa ni bidii hiyo hiyo ivuke kutoka kwenye maharage na mahindi hadi kwenye kahawa.

Hatua ya tatu ni kivuli cha kiasi. Miti michache ya kivuli hupunguza uchovu wa kahawa, lakini migomba iliyoshonana hufunga hewa na kuhifadhi unyevu.

Dawa na wakati wake

Dawa za kutu zimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni dawa za shaba. Babu yake ni mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ambao ulianza kutumika kwenye mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885. Dawa hizi haziingii ndani ya jani. Hulipaka kama rangi na kuua kijimbegu kinapoanza kuota. Hivyo ni kinga, wala si tiba. Mvua huziosha, na majani mapya huota bila ulinzi. Ndiyo maana hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 katika kipindi cha hatari, raundi ya kwanza ikipigwa kabla mvua hazijashika.

Kundi la pili ni dawa zinazoingia ndani ya jani, kama zile za jamii ya triazoli. Hizi huweza kusimamisha ugonjwa ulioanza, mradi haujaenea sana. Ni ghali zaidi, na zikitumiwa peke yake mfululizo huweza kuzalisha kuvu sugu. Mpango wenye busara ni shaba kuwa msingi, na dawa ya kundi la pili itumike mara moja au mbili pale ukaguzi unapoonyesha ugonjwa unapanda.

Kosa la kawaida ni kupulizia juu ya majani kana kwamba unamwagilia bustani. Kutu huingilia chini. Pua ya bomba inapaswa kuelekezwa juu kutoka chini ya matawi, na ukungu wa dawa uwe laini. Kabla ya kuchanganya dawa, jaza bomba maji matupu, pulizia mstari mmoja kwa mwendo wa kawaida, kisha hesabu miti iliyotosheka. Kwa njia hiyo mkulima hujua mabomba mangapi yanahitajika na kununua dawa kwa hesabu. Shamba lenye nafasi ya futi 9 kwa 9 lina miti takriban 540 kwa eka.

Kipimo cha dawa ni kile kilichoandikwa kwenye kibandiko. Kuongeza kipimo hakuongezi uponyaji, na kupunguza ni kutupa fedha. Dawa inunuliwe ikiwa kwenye chombo chake, haijafunguliwa, na iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Mpuliziaji avae glavu, viatu vya mpira, nguo ndefu na kinga ya pua na macho, asioshe bomba mtoni, na aheshimu idadi ya siku kati ya kupulizia na kuvuna. Mwaka 2008 Japani ilikuta mabaki ya viuatilifu kwenye kahawa ya Ethiopia, na biashara hiyo ikayumba vibaya. Kosa la wachache hulipwa na nchi nzima.

Je, dawa inalipa?

Swali hili hujibiwa kwa kilo, si kwa maneno. Chukua mfano wa mkulima mwenye miti 500 inayotoa nusu kilo ya kahawa kavu kila mmoja, yaani kilo 250. Tuseme raundi moja ya dawa na kibarua inagharimu thamani ya kilo 8 za kahawa. Raundi 4 ni kilo 32. Kama kutu ingechukua sehemu moja ya tano ya mavuno ya mwakani, hasara ingekuwa kilo 50. Dawa imelipa na kubakiza kilo 18. Kama ingechukua theluthi moja, hasara ingekuwa kilo 83, na faida ya dawa ni kilo 51.

Lakini chukua miti hiyo hiyo 500 ikiwa imetelekezwa, inatoa robo kilo tu, jumla kilo 125. Moja ya tano yake ni kilo 25. Raundi 4 za kilo 32 zimekula zaidi ya zilichookoa. Mfano huu si takwimu za kijiji chochote, lakini unaonyesha kanuni: dawa hulipa kwenye mti unaozaa. Kwenye mti uliochoka, fedha ya kwanza iende kwenye kupogoa na mbolea. Asiyeweza kuhudumia miti 500 vizuri apata zaidi akihudumia 300.

Tatizo la Mbinga ni kwamba fedha ya dawa hutakiwa kati ya Novemba na Machi, miezi ambayo nyumba nyingi hazina kitu na kahawa bado iko mtini. Hapo ndipo biashara ya magoma hushamiri, ambapo mkulima huuza kahawa ambayo haijaiva kwa bei ya kutupa ili apate fedha za haraka. Aliyeuza kwa magoma kwa ajili ya chakula hana tena sababu ya kununua dawa, kwani mavuno si yake. Mti hukosa dawa, mwaka unaofuata mavuno hupungua, na magoma hurudi kuwa makubwa zaidi. Kutu na magoma ni ndugu wawili wanaokaribishana.

Njia ya kukata mnyororo huo ni kununua dawa wakati wa malipo ya kahawa, hata kama ni kopo moja moja, na kuihifadhi mahali pakavu, mbali na watoto na chakula, baada ya kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Vikundi vya wakulima na AMCOS vinaweza kufanya hivyo kwa uzito zaidi kwa kutenga fedha ya dawa kabla ya kugawa malipo.

Miche chotara

Suluhisho la kudumu ni mti usiougua. Kahawa nyingi ya zamani nchini ni ya aina za N39 na KP423, zilizochaguliwa katika kituo cha Lyamungu, Kilimanjaro. Kahawa yake ina ladha nzuri mnadani, lakini haina kinga dhidi ya kutu wala chulebuni. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), ambayo ina kituo chake Ugano, Mbinga, ilitoa aina za kwanza za chotara zenye ukinzani kwa magonjwa yote mawili mwaka 2005, na nyingine zikafuata.

Miche hiyo huzalishwa kwa vikonyo au kwa kupandikiza. Mkulima asiokote mbegu chini ya mti chotara wa jirani na kuotesha, kwani watoto wake hawafanani na mama, na wengine hawatakuwa na kinga. Mti mpya huanza kuzaa vizuri baada ya miaka miwili hadi mitatu. Kwa hiyo familia inayotegemea kahawa haishauriwi kung'oa shamba lote kwa mkupuo. Kubadilisha sehemu ndogo kila mwaka, kuanzia penye miti dhaifu, huruhusu shamba la zamani kulipia jipya.

Tahadhari moja ni lazima. Ukinzani si wa milele. Nchini Honduras, aina iliyosifiwa ya Lempira ilipoteza kinga yake dhidi ya kutu mwaka 2017, baada ya kuvu kubadilika. Mkulima mwenye chotara aendelee kugeuza majani na kuangalia, na aeleze bwana shamba mara aonapo unga wa machungwa.

Kalenda ya shamba

Agosti hadi Oktoba: malizia mavuno, pogoa, ondoa matawi makavu, andaa bomba na badilisha mipira yake iliyochoka.

Oktoba na Novemba: weka samadi, pulizia raundi ya kwanza ya shaba kabla ya mvua kushika.

Desemba hadi Machi: weka mbolea mvua zikiwepo, ondoa machipukizi, rudia shaba kila wiki 3 hadi 4. Kagua angalau miti 10 katika kona tofauti za shamba, majani kadhaa kwa kila mti, na andika idadi ya yaliyougua ili ulinganishe na ukaguzi uliopita.

Aprili na Mei: kagua tena. Ugonjwa ukiwa mkubwa, pata ushauri kabla ya kutumia fedha, kwa sababu siku za kuvuna zimekaribia.

Juni na kuendelea: vuna zilizoiva tu, uza, na tenga fedha ya dawa siku ile ile ya malipo.